Fisi Aliyeatamia Mayai ya Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati fisi alikuwa bado ana kazi ya serikali, palikuwa na kivuko kilichoitwa Kivuko cha Matete. Bwana Fisi alikuwa mkaguzi wa kivuko hicho. Alikaa kibandani mwake akakagua kila kitu kilichovuka maji: vikapu, magunia, vibuyu, hata chini ya gamba la Kobe alichungulia kidogo. Kisicholika kilipigwa muhuri, ta, kikapita. Kilicholika kilibaki kibandani.

Mkubwa wake alikuwa Mzee Kiboko. Mzee Kiboko alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa nzito kuamka. Alisikiliza mashauri mara moja kwa siku, akishashiba majani.

Sasa, karibu na kivuko palikuwa na bwawa, na katika bwawa hilo aliishi Bi Bukini. Mnamjua bukini? Ni ndugu yake bata, ila shingo yake ni ndefu zaidi na majivuno yake pia. Huyu wetu alikuwa wa ukoo wa bukini wenye manyoya ya mawimbi, yanayojikunja na kuning'inia kama pazia la sherehe. Zamani bwawa zima lilijaa ukoo huo. Ukaja mwaka wa kiangazi kirefu, wengine wakafa, wengine wakahama, akabaki yeye peke yake. Naye alikuwa mzee, hatagi tena.

Kila mwaka alimwambia Korongo, aliyekuwa na desturi ya kusafiri ng'ambo ya bahari: "Mwanangu, huko unakokwenda wako jamaa zangu. Niletee mayai. Nikifa mimi, ukoo huu umekwisha hapa."

Na kila mwaka Korongo alijibu, "Mzigo mzito, bibi. Mwakani."

Basi mwaka mmoja Korongo alirudi na kikapu kimening'inia mdomoni. Ndani ya kikapu mlikuwa na pamba ya msufi, na ndani ya pamba mlikuwa na mayai sita, makubwa, meupe pe. Kwa kuwa Korongo alikuwa mtu wa sheria, hakwenda moja kwa moja bwawani. Alitua kivukoni, akapanga foleni.

"Kuna nini humo?" aliuliza Bwana Fisi.

"Mayai."

"Ya nani?"

"Ya Bi Bukini. Yametoka ng'ambo ya bahari."

"Yana homa?"

"Mayai hayapati homa, bwana."

"Umeyapima?"

"Sijayapima."

"Basi hujui." Bwana Fisi akakivuta kikapu upande wake. "Yanawekwa karantini."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka yaishe," alisema Bwana Fisi, akafunga mlango.

Korongo alikwenda bwawani ameinamisha shingo. "Bibi, nisamehe. Na nikwambie ukweli, mgongo wangu umechoka. Safari nyingine ya mzigo sitaiweza."

Bi Bukini hakulia. Alikwenda kwa Mzee Kiboko, patapata, patapata, akamkuta amezama maji mpaka machoni.

"Sheria ya karantini ipo," alisema Mzee Kiboko. "Mkaguzi hajakosa. Akiyala, hapo atakuwa amekosa. Njoo uniambie."

"Akishayala, Mzee, mimi nitakuambia nini?"

"Utaniambia ameyala."

Hapo ndipo Bi Bukini alipopanda polepole mpaka kwenye mawe, nyumbani kwa Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, wanangu, si mkubwa kuliko sungura, na mkia hana. Lakini Pimbi huyu alikuwa mkunga wa kijiji kizima. Aliwazalisha swala, aliwazalisha ngiri, na siku moja alimzalisha tembo kwa kusimama juu ya kiti. Wote walimwita Mkunga.

"Yako mangapi?" aliuliza Mkunga Pimbi.

"Sita."

"Na fisi ameshayala?"

"Moshi unatoka kibandani mwake. Naona ndiyo anabandika sufuria."

Mkunga Pimbi akajifunga kanga yake vizuri. "Kaa hapa, shoga yangu. Kunywa maji. Usinifuate."

Akashuka mbio, tiritiri tiritiri, mpaka kibandani.

"Hodi."

"Karibu, lakini chakula hakuna," alisema Bwana Fisi, akiwa amesimama mbele ya sufuria ili isionekane.

"Nimeshiba, Bwana Mkaguzi. Nimesikia tu kwamba leo unakula maji."

"Maji? Nakula mayai."

"Ndiyo maji niliyoyasikia hayo."

Bwana Fisi akageuka. Mkunga Pimbi hakumwangalia. Alichukua yai moja kikapuni, akalipeleka kwenye tundu la mlango, pale jua lilipokuwa linapenya.

"Sogea uchungulie. Unaona nini ndani?"

Bwana Fisi akafumba jicho moja. "Mwanga."

"Na nini tena?"

"Mwanga tu."

"Basi ndicho utakachokula. Mayai sita ya mwanga. Usiku tumbo likikuamsha usiseme sikukwambia." Akalirudisha yai kwenye pamba. "Haya, kwaheri."

"Subiri kwanza, Mkunga. Kwani likikaa inakuwaje?"

"Likikaa hivi hivi linaoza. Likiatamiwa, yaani likilaliwa lipate joto, siku thelathini tu, humo ndani huota paja. Huota kidari. Huota firigisi."

Bwana Fisi akameza mate, gudu. "Firigisi?"

"Kila moja na yake."

"Kwa hiyo ni sita."

"Hesabu unaijua, bwana. Ndiyo maana ukapewa ukaguzi."

Bwana Fisi alizunguka sufuria mara mbili. Kisha akasema, "Basi nitamwita yule bibi aje ayaatamie hapa hapa. Mimi nitakaa mlangoni."

"Fikra nzuri," alisema Mkunga Pimbi. "Ila yeye ana mabawa. Wewe unayo?"

"Sina."

"Haya."

"Sitaki mtu mwenye mabawa karibu na nyama yangu," alisema Bwana Fisi. "Atafutwe mwingine. Mtu mpana. Mwenye joto."

"Mwenye manyoya tumboni," alisema Mkunga.

"Ndiyo. Na mwaminifu."

"Hapo ndipo pagumu. Kijiji hiki, mtu mpana, mwenye joto, mwenye manyoya tumboni, na mwaminifu kwa nyama yako, mimi simjui."

Bwana Fisi akafikiri. Halafu akalitazama tumbo lake. Akalitazama tena.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Mkunga Pimbi alimpa masharti yote kama anavyompa mama mjamzito. Mayai yaliyosafiri mbali hayaatamiwi siku ile ile. Yalazwe kwanza mchana na usiku, ncha chini, yatulie. Yakishaatamiwa yageuzwe mara tatu kwa siku, polepole, kama mtu anavyogeuza chapati asiichane. Yanyunyiziwe maji ya uvuguvugu, maana bukini ni ndege wa maji na ganda lake likikauka sana kifaranga hulivunja kwa taabu. Na mwenye kuatamia ainuke mara moja tu kwa siku, ale upesi, arudi.

"Mara moja?" aliuliza Bwana Fisi.

"Firigisi sita, Bwana Mkaguzi."

"Mara moja inatosha."

Mkunga aliporudi kwenye mawe na kueleza, Bi Bukini alisimama kwa mguu mmoja, akasahau kuushusha wa pili.

"Umempa fisi ukoo wangu wote aukalie?"

"Nimekodi joto lake. Fisi ana joto, wewe una miaka. Ungeyaweza mayai sita kwa siku thelathini na hicho kiuno chako?"

Bi Bukini akaushusha mguu wa pili, maana kiuno alikijua mwenyewe. "Na siku ya thelathini, Mkunga? Siku hiyo atafungua mdomo."

"Siku hiyo niachie mimi. Mkunga haanzi kazi mimba inapoingia. Anaanza mtoto anapotoka."

Basi Bwana Fisi akaatamia. Siku ya kwanza mguu ulikufa ganzi. Siku ya pili mgongo uliuma. Siku ya tatu aliota anakula na akaamka anatafuna pamba ya msufi. Lakini hakuondoka. Wasafiri walifika kivukoni na vikapu vyao, wakangoja, wakakohoa.

"Tuko hapa, Bwana Mkaguzi."

"Piteni," sauti ilitoka ndani. "Piteni polepole. Msitikise ardhi."

Hapo ndipo Ngiri alipovusha viazi vyake vyote bila kupoteza hata kimoja, akasema huyu mkaguzi aumwe hivi hivi mwaka mzima.

Siku ya kumi Mkunga Pimbi alikuja kupima. Waliyapeleka mayai kwenye tundu la mlango, moja moja. Safari hii ndani hamkuwa na mwanga mtupu. Palikuwa na mishipa myekundu kama mizizi ya nyasi, na katikati kidoa kinachorukaruka.

"Nini hicho kinachopiga?" alinong'ona Bwana Fisi.

"Moyo."

"Mdogo hivi?"

"Utakua."

Bwana Fisi alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yai la sita lilikuwa jeupe tupu, la mwanga kama siku ya kwanza.

"Hili ni viza," alisema Mkunga. "Halina kitu. Litupe kabla halijapasuka."

"Hakitupwi kitu hapa. Kilichoingia karantini ni changu."

"Haya."

Siku ya ishirini yai viza lilipasuka chini yake. Puu. Harufu yake iliwafanya swala wa upande wa pili wa mto wahame. Bwana Fisi alinusa, akanusa tena, akasema harufu haikuwa mbaya hata kidogo. Kila mtu na pua yake, wanangu.

Siku ya ishirini na tisa, mayai matano yakaanza kugonga kwa ndani. Ko. Ko ko. Mkunga Pimbi aliweka sikio, akatoka nje. Akapita nyumba kwa nyumba.

"Kesho kuna uzazi kwa Bwana Fisi. Pikeni uji."

"Uzazi wa nani?" aliuliza Mama Ngiri.

"Wa Bwana Fisi."

"Mkunga, jua limekuchoma?"

"Njoo na uji, na uje na mkaja. Mkanda mrefu, tumbo lake si dogo."

Akaenda hata kwa Mzee Kiboko, akamgonga puani kwa jiwe mpaka akafungua jicho. "Mzee, kesho kivukoni unahitajika. Kuna watoto wanazaliwa na mkuu wa kivuko hajui."

Siku ya thelathini asubuhi, Bwana Fisi aliwasha moto. Akabandika sufuria. Akakata ndimu. Akaponda pilipili. Maji yalikuwa yanachemka, bwata bwata, yai la kwanza lilipopasuka, kra, kikatoka kichwa kilicholowa, na macho mawili meusi yakamtazama usoni.

"Mama," kilisema kifaranga.

"Hapana," alisema Bwana Fisi.

Kra, la pili. "Mama."

"Nimesema hapana."

Kra, kra, kra. Watano wote. Wakajikokota juu ya mguu wake, wakajipenyeza kwenye manyoya ya tumbo, pale pale walipokulia, wakatulia. Maana bukini, wanangu, anayemwona kwanza akitoka yaini, huyo ndiye mama yake, na hubishani naye.

Bwana Fisi alinyoosha mkono kumshika wa karibu. Mkono haujafika, nje kukapigwa vigelegele, lilililili, mlango ukasukumwa, wakaingia Mama Ngiri na uji, mke wa Kobe na mkaja, na Mkunga Pimbi mbele yao.

"Hongera, mzazi," alisema Mkunga. "Wote watano wazima. Na tazameni jamani, mzazi mwenyewe ameshachemsha maji ya kukandwa. Sijapata kuona mwenye akili kama huyu. Leteni karai."

"Maji hayo si ya kukandwa," alisema Bwana Fisi.

"Ya nini, basi?"

Bwana Fisi akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa Mzee Kiboko.

Mnajua mzazi anavyokandwa. Kitambaa kinachovywa maji ya moto, kinakamuliwa, kinakandamizwa mgongoni, kiunoni, mapajani. Mama Ngiri ana mikono ya kulima. Sauti aliyoitoa Bwana Fisi siku ile ilisikika mpaka bwawani.

"Vumilia, mwanangu," alisema Mama Ngiri. "Mimi nilizaa saba."

"Mimi sikuzaa. Mimi ni mkaguzi."

"Tulia hapo," alisema Mzee Kiboko kutoka mlangoni. "Nani aliyeatamia mayai haya?"

"Mimi, Mzee, lakini..."

"Siku ngapi?"

"Thelathini."

"Kuna mtu mwingine aliyeatamia?"

"Nani? Sikuruhusu mtu kusogea."

"Basi wewe ndiye mzazi," alisema Mzee Kiboko. "Na hapa kivukoni mzazi hali wanawe." Akafungua kinywa, polepole, mpaka Bwana Fisi akaona kila jino, na nyuma ya meno, giza.

"Sikuwa na nia hiyo, Mzee," alisema Bwana Fisi.

Wakamfunga mkaja, wakamnywesha uji wa mtama wenye pilipili manga.

"Na nyama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baada ya arobaini," alisema Mkunga.

Wanangu, hamjaona taabu. Bwana Fisi akilala, wanalala juu yake. Akiamka, wanaamka. Akienda chooni, watano wanamfuata kwa mstari, wi wi wi, wanamngoja mlangoni. Walimdonoa masikio wakidhani ni majani. Majani ya kweli walipoyamaliza uani, wakaanza paa la kibanda.

Siku ya sita alimwita Mkunga Pimbi kupitia uzio.

"Mkunga. Hawa wanakula mpaka lini?"

"Wanakua hao. Wakishakua watakula zaidi."

"Wamekula paa."

"Hongera, wana afya. Umeshawafundisha kuogelea?"

"Mimi siogelei."

"Mzazi wa bukini hufundisha kuogelea. Mzee Kiboko anakuja kesho kuangalia masomo."

Bwana Fisi akaweka paji la uso kwenye uzio. Mkaja ulikuwa umelegea, na kifaranga mmoja alikuwa amelala ndani yake. "Mama mkunga, nakuomba. Hakuna njia?"

"Iko. Mzazi aliyelemewa huwakabidhi watoto kwa bibi yao."

"Hawana bibi."

"Pole sana."

Akaanza kuondoka. Hatua mbili, hatua tatu.

"Mkunga! Yule mzee wa bwawani, je?"

"Bi Bukini? Sijui kama atakubali. Amezeeka. Mtu hawezi kumtupia tu watoto watano."

"Niombee. Mwambie nitawakabidhi mbele ya watu wote. Mwambie sitadai kitu."

Mkunga Pimbi alikwenda bwawani kuomba. Bi Bukini alikuwa amejipara tangu alfajiri, kila wimbi la manyoya mahali pake.

"Mwambie nafikiria," alisema Bi Bukini.

"Unafikiria nini, shoga?"

"Hakuna. Lakini yeye alinifanya ningoje siku thelathini na sita. Na angoje mpaka mchana."

Mchana, mbele ya Mzee Kiboko na kijiji kizima, Bwana Fisi alitamka kwamba watoto hawa watano, yeye mzazi wao, kwa hiari yake, anawakabidhi kwa Bi Bukini wa bwawani, wao na wajukuu wao, na hatawadai wala hatawala. Neno la mwisho aliongezewa na Mkunga Pimbi, akalirudia.

Ila vifaranga hawakusikia hotuba. Walikaa kati ya miguu yake, hawatoki. Bi Bukini aliwaita, "Kuo, kuo." Wakamtazama, wakajificha.

Moyo wa bibi yule ulishuka. Kumbe mtu anaweza kupewa watoto na bado asiwapate.

"Ingia majini, mzazi," alisema Mkunga.

"Maji ni baridi."

"Ingia. Wanakwenda uendako."

Bwana Fisi akaingia, kidole, goti, tumbo, mkaja unaelea nyuma yake. Maji yalipomfika kifuani akasimama anatetemeka. Vifaranga wakafika ukingoni. Wa kwanza akateleza, chubwi. Akazama, akaibuka, akajitazama. Hakuna aliyemfundisha, lakini miguu yake ilikuwa inapiga. Chubwi, chubwi, chubwi, chubwi. Na mbele yao, juu ya maji, ndege mkubwa mwenye umbo kama lao alikuwa anateleza bila kelele, anawangoja. Wakapiga miguu kumfuata, wakampita, wakarudi, wakamzunguka. Bi Bukini aliwahesabu. Watano. Akawahesabu tena.

Bwana Fisi alibaki amesimama ndani ya maji.

"Hata mmoja hakugeuka," alisema.

"Yule wa mwisho aligeuka kidogo," alisema Mkunga Pimbi. "Toka nje, utashikwa na homa. Arobaini yako bado haijaisha."

Wale watano wakakua, manyoya yao yakajikunja mawimbi, wakataga, na bwawa likajaa. Mimi niliyewasimulia hadithi hii nakomea hapa, nanyi chukueni neno moja mwende nalo: anayepora cha mwenzake, hukipora pamoja na kazi yake.